Maji ya Manjano

Kuku walianza kukohoa siku ya Jumatatu, na Mama Majani akasema hicho si kikohozi, ni vumbi la maranda. Jumanne wakakoroma, akasema wamelala vibaya. Jumatano kuku mmoja akaamka na jicho limevimba kama mtu aliyetoka kugombania bili baa, na hapo hata Mama Majani akaacha kusingizia vumbi.

Alikuwa na kuku wa nyama mia mbili na kumi, wa siku ishirini na tatu, ndani ya banda la mabati nyuma ya nyumba, na mtaa mzima ulijua kuwa kuku wale hawaonji dawa ya dukani. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yao, na ndiyo ilikuwa sifa yake. Asubuhi walipata maji yaliyokorogwa unga wa manjano. Mchana chakula chao kilichanganywa na kitunguu saumu kilichopondwa, jioni wakanyunyiziwa majani makavu ya mlonge, na mara mbili kwa wiki walinyweshwa mwarobaini. Na kama kuku ana uso wa kukunja, basi siku hizo waliukunja. Vipimo vyote vilipimwa kwa kopo moja la bati lililokuwa zamani la majani ya chai, lenye alama iliyochorwa kwa msumari upande wa ndani. Makundi matatu yaliyotangulia yalikua vizuri kwa kopo hilo hilo. Watu walinunua kuku wake kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, na bado wakamshukuru yeye.

"Tuongeze kitunguu," alimwambia wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa mumewe. Alikuja kukaa wiki mbili, na sasa alikuwa anamalizia mwaka wa pili.

"Tukiongeza tena," wifi akasema, huku akiponda, "hawa kuku watakufa wameshaungwa. Itabaki kuwasha moto tu."

"Wifi, usiniletee mkosi."

"Mkosi ninao mimi? Sikiliza banda lako. Utadhani wodi ya wazee."

Mume wa Mama Majani hakucheka. Yeye alikuwa fundi saa, na watu walimwita hivyo hivyo, Fundi Saa, kwa sababu kibanda chake cha barabarani kilifunguliwa saa mbili kamili na kufungwa saa kumi na mbili kamili, mvua inyeshe, jua liwake. Ni mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo kwa jicho moja. Jioni ile alimtazama mkewe kupitia wavu wa banda. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuku mwenye jicho bovu amempakata, anamfuta kwa kitambaa kilicholowa mwarobaini, midomo ikimchezacheza. Fundi Saa alidhani anaomba dua. Aliposogea akasikia anahesabu siku. Zilikuwa zimebaki kumi.

Siku kumi kabla ya ugeni. Kikundi cha wafugaji, wanawake ishirini na wawili, walikuwa waje na bwana mifugo kutazama banda. Wakiridhika, Mama Majani angechaguliwa kusimama mbele ya watu siku ya maonyesho na kufundisha. Maishani mwake alikuwa hajawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote isipokuwa kuosha vyombo kwenye sherehe za wenzake.

Kesho yake, kabla ya kufungua kibanda, Fundi Saa alitembea hadi duka la dawa za mifugo. Si lile la karibu. Alikwenda lile la mbali, asikojulikana.

"Kuku wangapi?" muuzaji akauliza.

"Mia mbili na kumi."

"Wako?"

"Wa rafiki yangu."

Muuzaji akavuta kimfuko kutoka kwenye rafu. "Mzee, ningekuwa na kaka kwa kila kuku wa rafiki anayekuja kutibiwa hapa, ningekuwa na ukoo mkubwa kuliko wa mfalme. Kijiko kimoja kwa ndoo, siku tano. Ukimaliza, siku kumi usiuze wala usichinje. Usiseme sikukwambia."

Bei yake ilikuwa kama ya miche miwili ya sabuni ya kufulia. Kitunguu saumu cha wiki ile peke yake kilikuwa kimegharimu mara tatu yake. Lakini kilichomshtua Fundi Saa alipofungua kimfuko nyuma ya nyumba hakikuwa bei. Unga wenyewe ulikuwa wa njano.

Alirudi ndani na uso wa mtu aliyeokota pochi.

"Mama," alimwambia mkewe, "umechoka. Kuanzia kesho maji ya asubuhi nitawapa mimi. Wewe lala kidogo."

Wifi aliacha kuponda. "Kaka, wewe? Miaka yote hii hata kuku aliyeko kwenye sahani ulikuwa unamwogopa."

"Mtu hubadilika."

"Saa hubadilika betri. Mtu namjua mimi."

Kwa asubuhi tano, Fundi Saa aliamka kwanza, akakoroga kijiko kimoja kwenye ndoo, akajaza vyombo vya maji. Manjano hakuweka, rangi ilishakuwepo, na aliogopa ikizidi itamshtaki. Siku ya tatu makoromo yalipungua. Siku ya tano banda lilikuwa kimya, isipokuwa ule mlio wa kuku wenye njaa, ambao kwa mfugaji ni muziki. Jicho la yule mgonjwa likafunguka, likaangaza huku na huku kana kwamba linatafuta aliyelipiga.

"Majani haya," wifi alisema kwa unyenyekevu usiokuwa wa kawaida yake, "nami nianze kuyanywa."

Mama Majani alikuwa kwenye karo, anaosha vyombo vya maji kama alivyofanya kila jioni. Aligeuza kimoja, akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akakiosha tena, ingawa kilikuwa safi.

Ugeni ulikuja Jumamosi saa nne. Mlangoni mwa banda Mama Majani alikuwa ameweka beseni la maji ya mwarobaini ili kila mgeni akanyage kabla ya kuingia, kuua wadudu wa magonjwa. Bwana mifugo alilitazama beseni, akainua nyusi, kisha akaandika kwenye daftari lake: ubunifu. Wanawake ishirini na wawili wakalikanyaga mmoja mmoja na viatu vyao, kwa heshima kama wanaingia kwa bibi harusi.

Mizani ilitundikwa. Kuku wa kwanza akatoa kilo moja na robo tatu. Wa pili akapita. Wa tatu alimjeruhi bwana mifugo kidole, na hilo nalo likahesabiwa kuwa dalili ya afya.

"Nimesikia walikohoa kidogo wiki mbili zilizopita," bwana mifugo alisema, akinyonya kidole. "Hukuwapa dawa yoyote?"

Pale pembeni Fundi Saa, aliyemwachia jirani kibanda kwa muda, alikuwa ameshika sinia la soda. Vikombe vilianza kugongana polepole, kana kwamba vinanong'onezana.

"Majani tu," akasema Mama Majani.

Wakapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mshonaji, mjane aliyekaa nyumba ya sita kutoka pale, mwenye cherehani yake barazani mwa duka. Alikuwa na cherehani mbili. Ya pili aliiuza, akanunua vifaranga mia moja na ishirini, wakati huo wana wiki mbili. Alipomaliza kupiga makofi alisogea hadi kwa Mama Majani akamshika mkono.

"Shoga, nipe kipimo. Usinifiche hata chembe."

"Nikufiche nini, mdogo wangu?" Mama Majani akachukua lile kopo la bati, akaliweka mkononi mwa mwenzake. "Chukua lenyewe. Mimi nitachora jingine."

Alichaguliwa. Ilipigwa kura ya mikono, na mikono yote ikapanda. Hata wa wifi, ambaye hakuwa mwanachama. Mshonaji akatangaza kuwa koti la kuvaa siku ya maonyesho atalishona yeye, la kijani, na mgongoni atatarizi maneno makubwa ya kusomeka kutoka mbali. KUKU WA MAJANI, BILA DAWA. Kikundi kikachangia kitambaa. Mama Majani akasisitiza kulipia uzi na ushonaji, hapo hapo, mbele ya watu.

Wageni watatu walitaka kuondoka na kuku siku ile ile.

"Waacheni wanenepe kidogo," Fundi Saa alisema haraka. "Wiki moja tu."

Alijiandaa kubishana. Kuna jambo gani mkewe angelikataa zaidi ya kumkatalia mteja mwenye pesa mkononi? Lakini Mama Majani aliitikia kabla hajamaliza kusema: "Ndiyo. Wiki moja. Wanenepe." Fundi Saa akafurahi kwa wepesi wa jambo lile, wala hakujiuliza wepesi ule umetoka wapi.

Siku kumi zilipita kweli, kuku wakauzwa, wakaliwa, na hakuna aliyelalamika. Mambo yangeishia hapo.

Siku ya kumi na moja tangu ule ugeni ilikuwa Jumatano. Mama Majani alikuwa anafagia banda tupu aliposikia hodi. Mshonaji alisimama na kikapu, sindano mbili bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Alifunua kikapu. Kifaranga mmoja alikuwa ndani, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka.

"Wanakoroma, shoga. Wanne wamekufa tangu jana. Nimewapa kopo moja la kitunguu kama ulivyosema, na maji ya manjano asubuhi. Nimekosea wapi?"

Mama Majani alimtazama yule kifaranga. Aliinama akafagia mahali alipokwisha kufagia.

"Hujakosea."

"Sasa?"

"Weka makopo mawili."

"Mawili?"

"Na mwarobaini kila siku. Wangu walianza hivyo hivyo." Akaingia ndani akatoka na fungu la vitunguu saumu, akamjazia kikapuni pembeni ya kifaranga. "Chukua hivi. Hapana, usinilipe. Uvumilie tu. Majani hayana haraka."

Chumbani, Fundi Saa alikuwa anakula kabla ya kwenda kazini, na dirisha lilikuwa wazi. Kijiko kilisimama katikati ya safari. Maskini mke wangu, aliwaza, hajui. Anafundisha kwa moyo safi, na mimi ndiye niliyemfanya mwongo bila yeye kujua. Angemwambia. Angemwambia vipi? Kwamba makofi yale yalikuwa ya kimfuko cha duka? Alimaliza chakula bila kukionja, akaenda kukaa mbele ya saa za watu, na mchana kutwa hakurekebisha hata moja.

Alhamisi walikufa tisa. Mshonaji alipita jioni kusema idadi, kama mtu anayeripoti kazini. Ijumaa walikufa kumi na wanne. Kila alipokuja, Mama Majani alizidi kushusha sauti, na kila mara alimpa kitu: mlonge, tangawizi, ndoo yake mwenyewe. Akampa vyote isipokuwa kile kimoja.

"Koti lako nimebakiza kutarizi," Mshonaji alisema Ijumaa hiyo akiwa mlangoni. "Usiku silali kwa sababu ya hawa vifaranga, basi nakaa natarizi. Nimefika kwenye BILA."

"Usijisumbue."

"Umeshalipa, shoga. Na watu wakikuuliza, sema mmoja wa wanafunzi wako hakuwa na mkono wa kuku. Lawama usibebe wewe."

Alipoondoka, Mama Majani alikaa kwenye ngazi hadi wifi akaja kumuuliza kama ngazi ile imeomba mlinzi.

Jumamosi saa saba mchana, Fundi Saa alifanya jambo ambalo barabara nzima ililiona na kulizungumza kabla hata halijakamilika: alifunga kibanda. Akatundika kipande cha boksi kilichoandikwa NARUDI SASA HIVI, ambacho kilikuwa kimekaa chini ya meza miaka kumi na minne kikiwa kipya. Akapita njia ya nyuma hadi nyumbani kwa Mshonaji, ambaye saa hizo huwa barazani na cherehani yake. Mfukoni alikuwa na kimfuko kingine. Mpango wake ulikuwa mwepesi kwa mtu anayefungua saa: aingie, akoroge, atoke. Vifaranga wapone, majani yasifiwe, mkewe asijue, mjane asijue. Kila mtu abaki na heshima yake, na yeye abaki na dhambi yake ndogo ya njano.

Lakini Mshonaji alikuwa amesahau mkasi.

Alimkuta amechuchumaa bandani, mlango umerudishwa, vidole vya njano, anapuliza unga uliomwagikia kwenye kiatu.

"Shemeji," akasema.

"Naam, shemeji."

"Unafanya nini kwenye banda langu?"

Fundi Saa alisimama, akagonga kichwa kwenye bati, akachuchumaa tena. Lile bati liliita watu kuliko kengele. Muuza mkaa wa upande wa pili alikuwa wa kwanza kufika, mikono kiunoni, na nyuma yake wakaja wengine, wa kwanza kwa sababu ya kelele na waliobaki kwa sababu ya wa kwanza.

"Mwizi?" mtu akauliza.

"Wa kuku wanaokufa?" muuza mkaa akasema. "Hata wizi siku hizi una wavivu."

"Labda si kuku aliowafuata," mwingine akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka kicheko kile cha chini, cha puani. "Mlango umerudishwa, mama mwenyewe mjane."

Mshonaji hakucheka. Alijifunga khanga upya kiunoni, ingawa haikuwa imelegea, na macho yake yakaenda chini kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa kwenye banda la mtu.

Fundi Saa aliona macho yale. Akaona pia kwamba akisema amekuja kutia dawa, ataulizwa ameijulia wapi. Akachagua.

"Nilikuja kuiba," akasema.

"Kuiba nini?"

"Kuku."

"Hawa?" Muuza mkaa akanyanyua mmoja kwa mguu. Kifaranga alikuwa na uzito wa kitambaa kilicholowa. "Fundi, nawe. Ukitaka kusema uongo, uuheshimu basi."

Mama Majani alifika akitembea haraka, wifi nyuma yake akiwa na mwiko mkononi. Watu wakawapisha njia, jinsi wanavyompisha mke siku za namna hii, kwa huruma iliyochanganyika na hamu.

"Kaka," wifi akasema, akihema, "sema kweli, tukuaibikie vizuri."

"Nilikuja kuiba," Fundi Saa akarudia, safari hii akimtazama mkewe peke yake. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. "Nenda nyumbani, mama. Haya ni ya kwangu."

Angeweza kwenda. Hatua kumi tu zingemfikisha kwenye kona. Angelia kidogo, watu wangempa pole, mume angetozwa faini na wazee wa mtaa, na baada ya mwezi yangekuwa masimulizi ya fundi saa aliyepotewa na akili mchana. Wiki moja baadaye angevaa koti.

Mama Majani alitazama vidole vya mumewe.

"Si mwizi," akasema. "Hiyo ni dawa."

"Mama, wewe hujui..."

"Najua." Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu walionyamaza ili wasikie umbea wakajikuta wamenyamaza kwa sababu nyingine. "Manjano huacha tope. Ukiweka manjano kwenye maji, jioni unakuta tope chini ya chombo, unalikwangua kwa kucha. Nimelikwangua miaka miwili. Wiki ile kuku wangu walipokuwa wagonjwa, vyombo vilitoka safi. Maji ya njano, chini hakuna kitu. Siku ya kwanza nikasema labda amekosea kipimo. Siku ya pili nikatafuta, nikakuta kimfuko ndani ya kiatu chake cha mvua."

Fundi Saa alitoka bandani, safari hii akikumbuka kuinama. "Ulijua?"

"Tangu siku ya pili."

"Mbele ya bwana mifugo ulijua?"

"Nilijua. Na nilijua kwa nini hutaki tuuze. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba nimepata mume anayesoma maandishi madogo."

Wifi aliushusha mwiko.

Mshonaji alikuwa bado ameshika mkasi wake. "Nilikuja kwako Jumatano," akasema.

"Ndiyo."

"Walikuwa wamekufa wanne."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Ukaniambia makopo mawili."

"Nilijiambia nani ajuaye. Maji yalikuwa na dawa, chakula kilikuwa na majani. Labda yaliyoponya ni majani. Nilijiambia hivyo ukiwa umesimama pale na kile kikapu." Akamtazama usoni. "Sikuamini hata nilipokuwa najiambia."

"Hamsini na mmoja hadi asubuhi hii," Mshonaji akasema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama vipimo vya kiuno. Kisha akamgeukia Fundi Saa. "Kijiko kimoja kwa maji kiasi gani?"

"Ndoo. Ndoo ndogo."

"Siku ngapi?"

"Tano. Halafu siku kumi..."

"Nipe."

Akapokea kimfuko, akaingia bandani kwake, na kabla ya kufunga mlango akawaambia wote, walioiba na waliokuja kutazama, kwamba wamekanyaga vya kutosha.

Neno hilo la kukanyaga lilikuwa la kweli kuliko alivyojua. Jumatatu Mama Majani alikwenda mwenyewe ofisini kwa bwana mifugo, akakaa kwenye benchi pamoja na mtu mwenye mbuzi, akasubiri saa mbili, akasema yote akiwa amesimama. Bwana mifugo alifungua daftari kwenye ukurasa wa ule ugeni. Aliitazama ile "ubunifu" kwa muda.

"Kuku anaweza kupona na bado akabaki na ugonjwa, akawapa wengine," akasema. "Wanawake ishirini na wawili waliingia kwako na viatu vyao. Mwarobaini hauui kitu pale mlangoni, mama. Nami nilisimama nikaandika." Akafunga daftari. Ilionekana kwamba aibu ilikuwepo ya kuwatosha wote wawili, na mwenye mbuzi akabaki na iliyozidi. "Manjano, kitunguu, mlonge, endelea navyo. Kuku mzima vinamsaidia kula. Lakini akishaugua, niite. Mabanda mengine yakoje?"

Hakujua. Akaenda kuuliza. Siku tatu alipita nyumba kwa nyumba, wanachama wote, akisimama nje ya banda na kusema sentensi zile zile: walikunywa dawa, nilijua, nikasema majani tu. Wengine walimpa kiti. Mmoja alimwacha aseme yote kisha akamwomba arudie, mume wake alikuwa hajasikia. Mmoja alicheka hadi akakaa chini. Mabanda matatu yalikuwa yameanza kukohoa, na wenyewe walikuwa wameongeza kitunguu. Hao waliwahi.

Nyumbani mambo yalikuwa kimya kwa namna mpya. Mke na mume walipeana chumvi kwa adabu kama wageni.

"Mngeambiana tu," wifi akasema siku moja, akitazama huku na huku mezani. "Mnalala kitanda kimoja. Mlikuwa mnaogopana nini?"

"Nilitaka asiaibike," Fundi Saa akasema.

"Nami nilitaka asijue kwamba nimekubali," Mama Majani akasema.

Wifi akafikiri. "Basi mimi nitabaki hapa mwaka mwingine. Nyie hamuwezi kuachwa peke yenu."

Maonyesho yalifanyika. Aliyesimama mbele ya watu alikuwa mfuga sungura ambaye hakuwahi kusema jambo lolote kuhusu jambo lolote, na alifundisha kwa dakika nne.

Asubuhi iliyofuata Mama Majani alikwenda barazani kwa Mshonaji. Alikuwa ameshampelekea kuku thelathini wa kundi jipya, vifaranga wazima, na wakarudishwa na ujumbe kwamba banda bado lina ugonjwa. Alikuwa amepeleka pesa. Zikarudi ndani ya bahasha ile ile, haikufunguliwa. Vifaranga waliobaki kwa Mshonaji walikuwa hamsini na watano, wanakula.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Hakuinua kichwa. Kwa mguu alisukuma mfuko uliokuwa chini ya meza.

"Ulilipia," akasema. "Nimemaliza."

Mama Majani akalitoa koti. Lilikuwa zuri. Kola imekaa, mifuko miwili mikubwa ya kuwekea vitu vya kazi, na mgongoni herufi nyeupe, nene, zimetariziwa kwa mkono mshono mdogo mdogo, mistari miwili. KUKU WA MAJANI. Na chini yake, BILA DAWA. Zilisomeka kutoka mbali, kama alivyoahidi. Mteja aliyekuwa anasubiri kupimwa alizisoma kwa sauti, kisha akagundua ni nani aliyeshika koti, akajifanya anakohoa.

"Una wembe?" Mama Majani akauliza.

Mshonaji akakanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo, akakata uzi. Akatoa wembe kwenye droo, akauweka juu ya meza katikati yao. "Wa juu unabaki?"

"Wa juu ni kweli."

"Herufi zikitoka, matobo yanabaki. Kitambaa hiki ndivyo kilivyo. Atakayetazama karibu atasoma."

"Asome."

Hakukuwa na kiti cha pili. Mama Majani akakaa chini barazani, miguu ameinyoosha, koti limelala magotini, wateja wakipita juu ya miguu yake kwenda kupimwa. Akaanzia herufi ya mwisho. Nyuzi zilikuwa zimebanana, kazi ya mtu asiyelala. Akavuta, kitambaa kikakunjamana, akavuta tena.

Cherehani ikasimama.

"Usivute," Mshonaji akasema juu ya kichwa chake. "Kata kwanza, mmoja mmoja. Ndipo uvute. Utachana koti."

Mama Majani akaitikia kwa kichwa, akapangusa macho kwa mkono wa gauni, akainamia tena ile herufi. Cherehani ikaendelea.